Mgeni Aliyeachwa Mlangoni

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nyumbani na taa ya mezani kwapani. Kaka yangu alinituma hiyo taa tu. Jioni ile alikuwa anawatangazia wasomaji wake riwaya mpya, katika duka la vitabu la mtaani kwetu, na taa za pale, alisema, zinamulika rafu lakini hazimuliki karatasi.

Naieleza jioni ile kwa sababu inasimuliwa vibaya. Wapo wanaosema umeme ulikatika. Haukukatika. Wapo wanaosema tulikuwa tumekunywa. Palikuwa na chai, na hata hiyo haikutosha.

Wifi yangu, mke wa kaka, alinipokea mlangoni.

"Wifi, umechelewa kama mvua."

"Afadhali mimi nimeleta mwanga. Wewe umeleta mdomo tu."

Akacheka kile kicheko chake cha kukwaruza, akanipisha. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye rafu za kamusi, wengine wamesimama. Wifi akavuka barabara kwenda kwa fundi cherehani kuazima benchi. Mama mwenye duka akafunga mlango nyuma yake, akatia komeo, ili vumbi na honi zisituingilie.

"Akirudi atabisha," alisema.

Huo ndio mlango pekee tuliokuwa nao. Wa nyuma ulizibwa na maboksi ya vitabu vya shule, na madirisha yote yana nondo.

Kaka akasimama mbele ya meza. Ni mtu mwoga wa kawaida, lakini akipata wasikilizaji anarefuka.

"Safari hii nawaletea kaboi, mpanda farasi wa Kimarekani," alisema. "Jangwa, bastola, mji wenye mtaa mmoja. Ila huyu kaboi wangu ni wa kutisha. Chini ya kofia hana uso."

Dereva wa lori, ambaye amesoma vitabu vyake vyote akiwa kwenye foleni ya mizani, akanyoosha mkono. "Mwandishi, huyo farasi wake huko jangwani anakula nini?"

"Wasomaji."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, maana yule mpanda farasi nilimtambua. Hakuwa wa kaka. Alikuwa wa Bibi, mama yake baba yetu, aliyetulea kwa hadithi. Kwa Bibi alikuja kwa miguu, kutoka upande wa vumbi, hana uso, na katika kila hadithi alibisha mlango wa nyumba ya mtu. Kaka alimwongezea farasi na kofia pana tu.

Bibi alikuwa na utaratibu. Mgeni yule akishabisha, hakuna kitu kilichomnyanyua Bibi. Chungu kiungue, mtoto alie, yeye alibaki palepale. Alimfungulia ndani ya hadithi, akamtazama ni nani, akampa maji, akamuuliza shida yake, akamuaga na kumsindikiza mpaka njia kuu. Ndipo alipokwenda jikoni. Mtu haachwi mlangoni, alituambia. Sisi tulidhani anatufundisha adabu.

Kaka akasoma. Anasoma vizuri, sitamnyima haki yake. Tulisikia upepo wa lile jangwa.

"Mpanda farasi akashuka. Vile vyuma vya visigino vikalia kwenye mbao za baraza. Akainua mkono. Akabisha."

Akakunja karatasi.

"Nani alimfungulia? Subirini kitabu."

Wakapiga makofi. Dereva akalalamika kwamba huo ni uonevu. Nikamwendea kaka pale mezani, nikamnong'oneza.

"Umemwacha mlangoni."

"Ndiyo biashara ya vitabu, dada. Msomaji aondoke na kiu."

"Malizia basi, hata kwa mdomo."

Akainama, akajifanya anarekebisha taa. "Nimalizie nini? Sijaandika zaidi ya hapo."

Makofi yalikuwa yanakwisha.

Mlango ukabishwa.

Taratibu. Pigo, kimya kirefu… pigo.

"Benchi hilo," alisema mama mwenye duka. Akaenda, akashika komeo, akaliachia mara moja na kujitazama kiganja.

"Lina mchanga," alisema.

Mchanga ulikuwa unapenya chini ya mlango, mwembamba, wa rangi ya kutu. Barabara yetu ni ya lami. Kisha ikaja harufu. Jasho la mnyama. Ngozi iliyokaa juani. Honi zote zilikuwa zimenyamaza, na katika ule ukimya kitu kizito kilihamisha mguu wake kwenye saruji ya kibaraza.

Ko…

Ko.

Katika mtaa wetu hakuna mtu aliyewahi kufuga farasi.

"Nifungulieni."

Alikuwa wifi. Sauti yake ileile, ila alikuwa anahema.

"Hapa nje kuna mtu amesimama. Namsalimia, hajibu."

Kaka aliruka viti. Akalivuta komeo kwa mikono miwili, halikwenda. Dereva wa lori akamsogeza pembeni. Huyo ni mtu anayebadilisha gurudumu la lori peke yake. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Komeo halikusogea hata unene wa ukucha. Mwanamke mmoja aliegemea nondo za dirisha akiita msaada, na nje taa za barabara hazikuonekana. Palikuwa na vumbi tu.

"Mume wangu," wifi alisema, kwa sauti ya chini zaidi. "Anasogea."

Nikamshika kaka bega. "Mfungulie kwenye hadithi. Kama Bibi. Mtazame kwanza ni nani, mpe maji, muulize shida yake, umuage. Polepole."

"Sijui anataka nini. Sikulifikiria hilo."

"Muulize."

"Anasogea," wifi alisema.

Bibi hakuwahi kuwa na mume nje ya mlango wa hadithi yake. Kaka hakwenda polepole. Alitaka upenyo wa mtu mmoja tu, mkewe apite, mgeni abaki hukohuko. Akafumba macho, maneno yakamtoka yakigongana:

"Mlango ukafunguka kidogo. Mtu akaingia mbio. Mlango ukafungwa, komeo likarudi."

Komeo likateleza lenyewe.

Aliyeingia alikuwa wifi. Nyuma yake mlango ukajifunga. Alikuwa na vumbi kichwani mpaka kwenye kope. Kaka alimkumbatia akilia, watu wakashusha pumzi, dereva akacheka cheko la woga na kusema leo mwandishi ametuweza. Nje honi zikarudi. Mama mwenye duka akamimina maji, akampa wifi glasi.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaitazama. Akairudisha mezani imejaa.

Kisha akakaa kwenye kiti kilicho mbele ya kaka, mgongo wima, akamwangalia.

"Halafu?" alisema.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi cherehani kuulizia benchi lake. Fundi si mtu wa maneno mengi. Aliniambia hakuona farasi. Alimwona wifi akivuka na benchi, akalitua kibarazani, akabisha. Vumbi likapita. Lilipotulia, mlango ulikuwa umefungwa, benchi lipo, mtu hayupo. Akajua ameingia.

"Ila sikuelewa kitu kimoja," alisema, akiwa bado anakanyaga cherehani. "Kama ameingia, aliyeendelea kubisha ni nani?"

Nimekaa na wifi tangu siku ile. Anapika, anafua, anajua kila ndugu aliyezaliwa na aliyezikwa, na nikimtania ananitania. Nimejaribu kumkamata kwa maswali ya zamani, mambo ambayo tulikuwa tunayajua mimi na yeye tu. Hakosei. Kicheko ni kilekile. Sijawahi kumwona akinywa maji, lakini siko naye saa zote, kwa hiyo siwezi kusema hanywi.

Jioni ikiingia anavuta kiti, anakaa mbele ya meza ya kaka.

"Halafu?"

Na kaka anaandika. Nyinyi mliosikia lile tangazo mnaandika barua kuuliza kitabu kitatoka lini, na barua hizo nazijibu mimi. Kitabu kimekuwa kinene. Lakini hakina jangwa tena, wala bastola. Kurasa zote zinapita ndani ya chumba kimoja, mgeni amekaa, mwenyeji anamwongelesha, na mlango umefungwa.

Nilimwambia, mkewe akiwa sokoni: "Muage huyo mgeni. Andika ameinuka, ameondoka."

"Na kama ninayemtoa ni mke wangu?"

"Basi fungua tena. Aliyebaki nje naye aingie."

Kaka aliweka kalamu chini. Amekonda, macho yamemzama.

"Na kama aliyebaki nje ndiye huyo mgeni? Nimwingize ndani, tulimo mimi na mke wangu?"

Bibi hakutuachia neno la kutumia pale ambapo hujui umemfungulia nani.

Mama mwenye duka hautumii tena mlango wa mbele. Ameyahamisha maboksi, wateja wanapita nyuma, na huku mbele ameegemeza kabati. Hakunieleza sababu. Aliniuliza tu kama naweza kupita pale jioni moja, nisikilize, nimwambie kama na mimi nasikia.

Nilipita jana. Tulisogeza kabati pamoja, nikaweka sikio kwenye ubao.

Farasi alikuwa anapumua. Karibu sana. Na karibu kuliko yeye, upande wa pili wa ubao, mtu alikuwa anambembeleza kwa sauti ya wifi, iliyokauka kwa kiu, kama anavyobembelezwa mnyama ambaye mtu amekaa naye mpaka wamezoeana.

"Tulia," alikuwa anasema. "Tulia. Ni ndugu zangu hao. Watafungua tu."