Sekela Anangojea Teke

Sekela alikamatwa na sufuria mkononi.

Alikuwa amejificha nyuma ya pazia. Mkono huu sufuria. Mkono huu mwiko.

Mama akapita na sinia la karanga. Sekela akachomoka kwenye pazia, akainamia tumbo la Mama, akapiga.

Ngwang, ngwang, ngwang.

Mama akashtuka. Sinia likainuka. Karanga zikaruka juu kama panzi.

Moja ikatua kwenye chai ya mgeni. Chubwi.

Na mgeni mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa Mwalimu Mwakyoma, anayemfundisha Sekela darasa la kwanza. Na siku hiyo, kwa bahati mbaya, alikuwa amevaa shati jeupe.

Mvua tu ndiyo iliyoendelea. Ta-ta-ta, ta-ta-ta, juu ya bati. Mvua ya Tukuyu haijali kama kuna mgeni.

Mwalimu akatazama kikombe. Akatazama shati. Akamtazama Sekela.

"Sekela, huo ni muziki gani?"

Sekela akatazama vidole vya miguu yake. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimeuliza muziki."

"Nilikuwa namwamsha mtoto," akasema Sekela, kwa sauti ndogo sana.

"Mtoto yupi?"

Sekela akanyoosha mwiko. Akaonyesha tumbo la Mama.

Tumbo la Mama lilikuwa kubwa. Mlangoni lilitangulia lenyewe, Mama akafuata nyuma.

Ndani yake alikaa mtoto. Na mtoto huyo alikuwa anapenda kucheza.

Alimchezea Baba. Mama alikuwa amejinyoosha kitandani, Baba akaweka mkono. Duk.

Alimchezea Bibi. Mama alikuwa amekaa mkekani anasukwa nywele. Bibi akaweka mkono. Duk.

Alimchezea hata Mama Ipyana, jirani yao. Yeye alikuja kuomba chumvi tu. Akakaa na Mama kwenye benchi, wakapiga soga mpaka chumvi ikasahauliwa. Akaweka mkono. Duk.

Na Sekela je?

Sekela alimkimbilia Mama akifagia. Akaweka mkono. Akangoja.

Kimya. Kimya kama kiazi.

Sekela alimkimbilia Mama akianika nguo. Akaweka mkono. Akangoja.

Kimya. Kimya kama kiazi.

Sekela aliimba wimbo wa shule, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, huku Mama anakwenda kuteka maji. Sekela alitekenya tumbo kwa unyoya wa kuku, huku Mama anazunguka jikoni.

Kimya. Kimya kama kiazi.

Ndiyo maana siku ile akachukua sufuria.

Sasa, Mama naye alikuwa na jambo lake. Kila siku, baada ya chakula cha mchana, Mama alikaa mezani akamwandikia mtoto aliye tumboni.

"Ili akija asiseme hakuambiwa," alisema Mama.

Mama akiandika, nyumba ilitakiwa itulie. Na nyumba haiwezi kutulia kama Sekela yumo. Kwa hiyo Mama akikaa kuandika, Sekela hutoka nje kucheza.

Jioni, wakila, Mama huwasomea alichoandika.

"Mtoto wangu," alisoma Mama jioni moja. "Zamani, kabla ya dada yako, mimi nilikuwa mpishi wa treni. Nimepika ugali huku treni inayumba, na halikuanguka hata tonge moja. Leo nimeshindwa kuvaa soksi."

Baba akacheka. He, he, he.

"Leo pia nimetafuta viatu vyangu nyumba nzima. Nimeuliza kila mtu. Kumbe nimevivaa. Siku hizi miguu yangu siioni, nasikia tu habari zake."

Baba akacheka mpaka akapaliwa na ndizi. Bibi akampiga mgongoni. Pa, pa.

"Leo umemchezea Baba," alisoma Mama. "Umemchezea Bibi. Umemchezea Mama Ipyana."

Sekela akaacha kutafuna. Akangoja jina lake.

Mama akakunja karatasi.

Sekela akamfuata Bibi jikoni.

"Bibi, mtoto hanipendi."

"Hajakuona bado. Atakuchukiaje?"

"Amenisikia."

Kusema kweli, Sekela alisikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Basi, turudi kwenye karanga.

Mwalimu Mwakyoma alikuwa mtu mwema. Alikunywa chai yake, akaila na ile karanga, akafungua mwavuli, akaaga.

Sekela akaingia chini ya viti kuokota karanga. Moja. Nyingine. Na nyingine tena, ile iliyokimbilia chini ya kabati.

"Ukimaliza, toka nje," akasema Mama. "Nakunja nguo hizi, kisha nataka kuandika. Na leo sufuria ibaki jikoni."

Sekela akatoka. Akasimama barazani, mahali mvua haifiki. Mdomo ulikuwa umemshuka mpaka kidevuni.

Mama Ipyana akamwona kutoka baraza ya pili.

"Sekela, mwanangu, hebu njoo unibebee huyu. Nimenye ndizi mara moja."

Huyu alikuwa Ipyana. Ipyana alikuwa mtoto mchanga mwenye mashavu manene, na sauti nene zaidi.

Mama Ipyana akamweka Ipyana mgongoni kwa Sekela. Akamfunga kwa kitenge. Kaza, kaza, fundo.

Sekela akatembea barazani. Pa, pa, pa. Akaenda. Pa, pa, pa. Akarudi.

Ipyana akalala.

Sekela akakaa.

"Ngaaa," akasema Ipyana.

Sekela akainuka. Pa, pa, pa.

Ipyana akalala.

Sekela akakaa polepole, polepole kabisa, kama mtu anayekalia mayai.

"Ngaaa," akasema Ipyana.

"Mama Ipyana," akaita Sekela, "huyu mtoto ana nini?"

"Hana kitu," akajibu Mama Ipyana, huku anamenya. "Ukitembea, unambembeleza. Analala. Ukikaa, anaamka aone kuna nini. Ndivyo walivyo."

Sekela akainuka tena. Pa, pa...

Akasimama. Mguu mmoja juu, kama korongo.

Ukitembea, analala. Ukikaa, anaamka.

Mtoto wa Mama naye amebebwa. Amebebwa mbele.

Mama akifagia, mtoto analala. Mama akianika nguo, mtoto analala. Mama akienda kuteka maji, mtoto anakoroma kabisa.

Na Mama akikaa kuandika, mtoto anaamka. Anacheza. Duk, duk, duk. Na Sekela yuko wapi? Sekela yuko nje.

"Mama Ipyana, mchukue mtoto wako," akasema Sekela. "Nina kazi nyumbani."

Fundo likafunguliwa. Ipyana akarudi kwa mama yake. Sekela akakimbia kwenye matope. Chapa, chapa, chapa.

Mama alikuwa bado anakunja nguo. Anachukua shati huku, anapeleka kule. Huku na kule, huku na kule.

"Mama," akasema Sekela, "kaa."

Mama akasimama na shati mkononi. Katika nyumba ile neno hilo lilikuwa na mwenyewe. Siku zote ilikuwa, Sekela, kaa. Sekela, tulia. Sekela, shuka huko juu.

"Nani anamwambia nani akae?" akauliza Mama.

"Mimi nakuambia wewe, Mama. Tafadhali. Mtoto analala kwa sababu unatembea. Ukikaa ataamka. Kaa uandike, na mimi nikae karibu yako."

"Wewe ukae?"

"Nikae."

"Kimya?"

Sekela akameza mate. "Kimya."

Baba alikuwa anafunga mlango wa banda la kuku. Akaacha mlango wazi, akaingia ndani, akavuta kiti.

"Hilo nami nataka kuliona kwa macho yangu," akasema Baba.

Mama akakaa mezani. Akashika kalamu. Sekela akakaa kwenye kigoda, karibu kabisa. Akaweka mkono tumboni.

Akangoja.

Kimya. Kimya kama kiazi.

Unyayo ukamwasha. Unyayo wa kushoto, katikati, pale panapowasha kuliko pote. Sekela hakujikuna.

Kuku akaingia ndani, kwa kuwa Baba aliacha mlango wazi. Akamtazama Sekela kwa jicho moja. Akamtazama kwa jicho la pili. Sekela hakumfukuza.

Kimya. Kimya kama kiazi.

Mara mvua ikakatika.

Na Tukuyu, mvua ikikatika, watoto wote hutoka. Hutoka mbio, kabla haijarudi.

"Sekela," wakaita kutoka nje. "Njoo turuke kamba. Leo unaanza wewe."

Lo. Kuanza yeye.

Mguu wa kulia ukataka kwenda. Mguu wa kushoto ukataka kwenda. Sekela akaikunja miguu yote miwili, akaikalia.

Baba akaziba mdomo kwa mkono. Mama akaacha kuandika.

Sekela akangoja.

Akangoja.

Akangoja.

Duk.

Ilikuwa ndogo. Ndogo kama samaki anapogusa maji.

Sekela hakupumua.

Duk.

"Mama," akanong'ona Sekela.

"Nimemsikia," akanong'ona Mama.

Sekela akasogeza mdomo karibu na tumbo. Hakuimba. Hakupiga kitu chochote.

"Ni mimi," akasema polepole. "Sekela. Dada yako."

Duk. Duk. DUK.

Mkono wa Sekela ukarushwa juu. Kalamu ya Mama ikaanguka. Kuku akakimbia nje.

Na Sekela akakimbia nyuma ya kuku.

"Amenichezea," akawaambia watoto wa kamba. "Amenichezea mimi."

"Amenichezea," akamwambia Mama Ipyana, na Ipyana, na paka wa Mama Ipyana.

"Amenichezea mimi," akaliambia bonde. Na bonde likamjibu, mimi, mimi, mimi.

Bibi akatoka jikoni. Hakuuliza kitu. Alimtazama Sekela usoni, akapiga vigelegele. Li-li-li-li-li.

Mama Ipyana akadakia. Li-li-li-li-li.

Watoto wakaacha kamba, wakajipanga nyuma ya Sekela. Wakaizunguka nyumba, matope mpaka magotini. Chapa, chapa, chapa. Sekela mbele, kidevu juu, mkono ule ulioguswa ameuinua hewani ili kila mtu auone.

Wakazunguka tena. Baba naye akaingia kwenye mstari. Akateleza, akakaa chini kwenye matope, akainuka, akaendelea.

Dirishani Mama alikuwa anacheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Jioni, wakila, Mama akafungua karatasi.

Sekela akaacha kutafuna.

"Mtoto wangu," akasoma Mama. "Leo umemchezea dada yako, Sekela."

Baba akapiga meza kwa furaha. Bakuli likaruka.

"Alikaa kimya akikungoja mpaka ukaamka. Mimi nimemzaa mwenyewe, nimemlea, na sikuwahi kumwona amekaa hivyo. Nimefika nchi za watu kwa treni. Nimemwona twiga akichungulia jikoni kwangu huku vitunguu vinaungua. Lakini cha leo kimezidi."

Mama akakunja karatasi.

"Soma tena," akasema Sekela.

Mama akasoma tena.

"Soma pale tu penye dada yako."

Mama akasoma pale tu.

"Sasa mpe Bibi naye asome."

"Mimi nimesikia, mjukuu wangu," akasema Bibi. "Hata bonde limesikia."

Mvua ikarudi. Ta-ta-ta, ta-ta-ta, juu ya bati.

Usiku huo Sekela alilala na Mama. Baba alisogea, akasogea, akabandikwa ukutani kama kalenda. Hakulalamika.

Sekela akageuka, akaegemeza mgongo kwenye tumbo la Mama. Lilikuwa na joto, kama mkate uliotoka kuokwa.

Macho yake yakawa mazito.

Duk.

"Mama, anacheza."

"Mmm," akasema Mama.

Duk.

"Mama, ananipiga teke la mgongo."

"Mmm."

Duk, duk.

"Mama, mimi nataka kulala na yeye anataka kucheza. Tena mimi ndiye mkubwa. Sasa nani atamsikiliza mwenzake?"

Mama akanyoosha mkono, akazima taa.

"Laleni nyote wawili."