Uyoga Ulioota Mbele ya Kibaraza

Kila asubuhi Msusi alifagia kibaraza, akapanga vitana vyake juu ya stuli na kungoja wateja. Wateja wakizidi, walikaa kwenye ukoka mbele ya nyumba. Ukoka huo aliupanda na kuupunguza kwa mkono wake mwenyewe, na kila mpita njia aliusifu. Mama mkwe wake tu ndiye ambaye hakuusifu. Sifa zake zote alikuwa amezimaliza kwa binti yake.

Binti huyo, wifi yake Msusi, aliishi nyumba ya pili. Alilima uyoga katika kibanda chenye giza, ndani ya mifuko iliyojaa majani makavu. Kila Jumapili alileta bakuli la mchuzi wa uyoga, na mama mkwe alipoonja alifumba macho.

"Mwanangu ana mkono mtamu," alisema, kila Jumapili, maneno yale yale.

Msusi aliliosha bakuli lile huku akiomba limponyoke na kupasuka. Miaka mitatu alikuwa akimpikia mama huyu, asubuhi na jioni, na mama hajafumba hata jicho moja kwa kuonja chake. Wivu ulikuwa umemkaa kooni, haumezeki wala hautemeki.

Basi mvua ikanyesha wiki nzima. Jumapili Msusi alipofungua mlango alikuta uyoga umeota kwenye ukoka wake. Ulikuwa mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, na umejipanga kwa mduara.

Alimwita mumewe, fundi baiskeli. Mume akajikuna kichwa.

"Kamwite dada autazame. Yeye ndiye anayejua mambo ya uyoga."

"Aje aseme mbegu zimeruka kutoka kwake? Huu umeota kwangu."

"Lakini sisi tunaujua?"

"Kuku wameudonoa na wanatembea. Halafu nitatia kitunguu. Kikigeuka cheusi, ni sumu. Kisipogeuka, tunakula. Unataka nini zaidi?"

Mume hakuwa mtu wa mabishano. Akarudi kwenye baiskeli zake.

Msusi alichuma kikapu kizima, akakata, akapika kwa nyanya. Kitunguu hakikubadilika rangi. Akaonja vijiko viwili, akaona chumvi imekaa sawa na ladha ni nzuri kuliko alivyotegemea. Alifurahi peke yake pale jikoni, kwa furaha ambayo haikuwa safi sana.

Mchana mama mkwe alikuwa ameshakaa mkekani na mjukuu wake, mtoto wa Msusi, sahani tupu na sufuria ziko mbele yao. Wifi akafika na bakuli lake. Aliishia kwenye ukoka. Akainama, akang'oa uyoga mmoja mkubwa kati ya uliobaki na kuugeuza.

"Wifi, niambie hamjapika huu."

"Tumepika. Kwani uyoga ni wako peke yako?"

"Njoo uangalie hapa chini ya kofia. Unaona hivi vipande vyembamba vilivyopangana? Ukiwa mchanga, ni vyeupe, unafanana na ule unaoliwa. Ukikomaa, vinaanza kuwa vya kijani. Huu nadhani ni ule wenye sumu."

"Unadhani."

"Ndiyo, nadhani. Nisioujua kwa hakika siupiki."

"Sema tu hutaki mama ale changu," Msusi alisema. "Sema una wivu."

Wifi alikuwa anamtazama mtoto, ambaye alikuwa amechoka kungoja na ameshika mwiko. Msusi naye akageuka, akaona mkono ule mdogo ndani ya sufuria.

Alimnyang'anya mwiko. Akabeba sufuria hadi shimo la taka nyuma ya nyumba, akaimwaga yote, akafukia kwa jembe. Alirudi macho yamejaa machozi.

"Haya. Umefurahi sasa?" alimwambia wifi yake.

Walikula maharage. Saa moja baadaye tumbo la Msusi likaanza kusokota. Alitapika, akaharisha, akatapika tena hadi miguu ikaishiwa nguvu. Mume hakungoja. Alimpakia kwenye baiskeli, akamkimbiza zahanati. Wifi alifuata mbio na uyoga aliouweka kwenye mfuko wa karatasi.

Muuguzi alimtundikia maji ya dripu, kisha akautazama ule uyoga.

"Mmefanya vizuri kuuleta. Unatusaidia kujua tunapambana na nini. Alikula kiasi gani?"

"Vijiko viwili," alisema mume.

"Na wengine?"

"Hakuna. Aliumwaga."

"Basi shukuruni. Kwa vijiko viwili mnamwona alivyo. Mzee au mtoto angekula sahani nzima, tungekuwa tunaongea mengine."

"Kitunguu hakikugeuka cheusi, na kuku waliudonoa," Msusi alinong'ona.

"Kitunguu hakijui sumu, dada yangu. Kuku pia si kipimo, wala kuupika hakuuondoi ubaya wake. Uyoga ulioota wenyewe usiule, mpaka anayeujua kwa hakika auone. Na mtu akiula kwa bahati mbaya, msingoje aanze kuumwa. Mleteni hapo hapo."

Kesho yake Msusi alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama gunia tupu. Wifi alimletea karatasi nyeupe. Juu yake alikuwa ameweka kofia ya uyoga usiku kucha, na vumbi lililodondoka lilikuwa la kijani.

"Kijani ni dalili ya huu wenye sumu," alisema wifi. "Lakini hata vumbi likiwa jeupe, usile. Kuna mweupe unaoua."

Waliung'oa uyoga wote uliobaki, mikono ndani ya mifuko ya plastiki, wakaufukia mbali na mtoto na kuku, kisha wakanawa kwa sabuni. Mume alichimba katikati ya mduara, akakuta kisiki cha zamani kimeoza ardhini.

"Hicho ndicho chakula chake," alisema wifi. "Si uchawi, hakuna mtu aliyewatupia kitu. Unaweza kurudi mvua zijazo. Ukirudi, muung'oe mapema."

Jumapili iliyofuata majirani walikuja kumpa Msusi pole. Mama mkwe aliwakalisha kwenye ukoka, akaanza kusimulia kabla hawajauliza.

"Huyu mwanangu alipika toka asubuhi. Mimi nina njaa, nimeshika sahani. Aliposikia huenda kuna hatari, hakungoja kuhakikisha, akamwaga sufuria nzima kwa ajili yangu na mjukuu wangu. Nani angenifanyia hivyo?"

Akafumba macho.

Msusi aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitana. Wifi alikuwa kando yake, bakuli la mchuzi mapajani. Hakuna aliyeligusa.

"Miaka mitatu namletea uyoga," wifi alimnong'oneza Msusi, "hajanisifia hivyo hata siku moja."

Msusi alimtazama, akaiona ile sura aliyoizoea kwenye kioo chake mwenyewe. Akachukua sahani mbili.

"Tupakulie, wifi," alisema. "Halafu nifundishe kuukuza huu wako."