Baba, Usinywe

— Simeon, hebu sogeza meza nipite.

— Uende wapi? Chai bado ni moto. Kaa, mpenzi.

Watiri akakaa. Angefanya nini? Alikuwa amebanwa kwenye kona ya mkahawa wa Njoki, ule mdogo wa pale Majengo. Nyuma ukuta, kushoto ukuta, kulia friji ya soda, na ng'ambo ya meza Simeon mwenyewe, mabega kama mlango wa ghala. Mimi nilikuwa meza ya jirani na gazeti la juzi. Chai ya Njoki ni nzito, kijiko husimama chenyewe katikati ya kikombe. Ilikuwa Jumamosi ya utulivu: nduma, mayai, mvua nyembamba nje. Lakini msichana hakuwa ameonja kitu.

— Mbona umevaa suti kuja kula mayai?

— Si nimekuja kukuona wewe?

Meseji ikaingia kwenye simu ya Watiri, naye akaisoma kwa sauti. Ilitoka kwa mdogo wake, Nyawira, nyumbani kwao Wamagana:

"Dada uko wapi? Wajomba wa Simeon wamejaa hapa na mbuzi na kibuyu cha pombe ya muratina. Ati umekubali kuolewa! Mama analia kwa furaha. Mbuzi mmoja amemaliza sukuma wiki yote shambani."

Watiri akaweka simu mezani polepole.

— Simeon, kwetu kuna nini?

— Aah, Nyawira na mdomo wake! Nilitaka kukushangaza.

— Nani alikuambia nimekubali?

— Aki Watiri, miaka yote hii? Mama yako amefurahi, mchungaji amefurahi...

— Kumbe ndiyo maana umeniketisha huku ndani.

— Baba yako atapiga simu sasa hivi. Unajua hawezi kuonja pombe ya wachumba kabla binti hajasema. Mwambie tu anywe. Watu wamengoja.

Simu ikalia. Simeon akaiwahi, akaipokea, akaiweka spika ili mkahawa mzima usikie. Nani angekataa mbele ya watu? Njoki akasimama na birika mkononi.

— Watiri, mwanangu.

— Naam, Baba.

— Kibuyu kiko mbele yangu. Wazee wametoka mbali, huko Kutus. Wanasema wewe ndiye umewatuma. Ninywe ama nisinywe?

Vigelegele vya shangazi zake Watiri vilikuwa vimeanza kusikika simuni, nyuma ya mzee. Simeon alitikisa kichwa juu chini: sema ndiyo, sema ndiyo. Watiri akatazama ukuta. Akatazama friji. Sauti ikatoka nyembamba.

— Baba, usinywe.

Vigelegele vikakatika. Nakuambia hata friji ya Njoki ilinyamaza.

— Umesema nini?

— Mimi sijaulizwa na mtu, Baba. Usinywe.

Mzee akakohoa.

— Nimesikia. Nyawira, weka chai. Wageni watakula, kisha watarudi na vitu vyao.

Simeon alikuwa anatoka jasho ndani ya suti.

— Umeniaibisha mbele ya wajomba wangu!

— Si ungeniuliza mimi kwanza? Niliondoka nyumbani asubuhi nikijua leo ndiyo leo. Jibu lako nilikuwa nalo hapa mdomoni. Lakini umeuliza mama, umeuliza mchungaji, umeuliza mpaka mbuzi. Mimi umenifungia kwa kona.

Simeon akainuka, akavuta meza mpaka ikapiga kelele sakafuni. Njia ikafunguka.

— Basi nakuuliza. Utakubali nikuoe?

— Hapana.

Uso wa kijana ukashuka. Watiri akafunga nduma yake kwenye tishu, akapita katikati yetu. Akageuka mlangoni.

— Leo hapana. Uliza tena siku nitakuwa nimekaa karibu na mlango.

Siku hiyo hiyo Simeon alienda Wamagana kuomba radhi na kuchukua mbuzi wake. Yule mla sukuma alikataa kupanda pikapu. Ilibidi wajomba waimbiwe, samahani, mbuzi aimbiwe nyimbo za kanisa, na hata hivyo alipanda kwa ubeti wa tatu tu.

Baada ya wiki kadhaa nikawaona tena kwa Njoki. Simeon hakuwa na suti. Walikaa meza ya kwanza kabisa, kiti cha Watiri kikiangalia barabara.

— Watiri, sijamwambia mtu yeyote. Hata mjomba. Utakubali nikuoe?

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Watiri akatazama nje, akaitazama njia iliyokuwa tupu mbele yake. Kisha akavuta kiti karibu na meza.

— Njoki, tuongezee chai. Nawe Simeon, mpigie Baba, mwambie aoshe kikombe cha muratina.