Bunduki Iliyopakwa Samli

Mayige alipochungulia mtutu wa bunduki yake asubuhi ile, aliukuta unang'aa. Hilo lilimsumbua, kwa sababu jioni iliyotangulia alirudi kutoka kuwinda na kanga begani, amechoka, akaiacha chafu na kwenda kulala. Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine wa kusafisha chochote. Violeth, mkewe, alizikwa nyuma ya shamba la pamba mwaka uliopita, na binti yao wa pekee, Jenifer, anafanya kazi Mwanza.

Ilikuwa bunduki yake ya kwanza. Mayige ni mtu wa kuchagua. Hata nyanya za soko la Bariadi huzigeuzageuza mpaka muuzaji anune. Dukani mjini alishika shotigani mpya, akaiona nyepesi mno na kitako chake kifupi. Akaenda kwa Ng'washi, mjane wa mwindaji Ngeleja, aliyekuwa akiuza ya marehemu. Akaifungua, akaelekeza mtutu kwenye jua, akatafuta kutu, asiione. Alipoiweka begani ilimkaa utadhani alipimiwa yeye.

"Ipake mafuta ya bunduki tu," Ng'washi alimwambia, polisi walipomaliza kuidhinisha mauzo. "Kitu cha jikoni, hapana."

Mayige akadhani mama huyo anaogopa kutu.

Kila aliporudi kutoka porini alitoa risasi, akazifungia kwenye sanduku la Violeth, akapitisha brashi mtutuni, akafuta kwa kitambaa, akapaka mafuta kidogo na kuitundika kwenye misumari ya sebuleni. Kazi hiyo ilimfurahisha kuliko uwindaji wenyewe. Jioni za mgane ni ndefu, na mikono inataka cha kushika.

Masika yalipokolea, mafuta yakaisha. Njia ilikuwa tope tupu, bodaboda hawasogei. Ndipo alipofungua kopo la samli, ya mwisho aliyoisukasuka Violeth kwa mikono yake, ambayo hakuwahi kupata moyo wa kuila. Akaipaka bunduki taratibu, na mdomo wake, kwa mazoea tu, ukatamka maneno ya baba yake alipokuwa akiupaka samli mkuki wa babu kila baada ya mavuno: "Pokea, mkubwa. Kaa nasi."

Tangu siku hiyo bunduki ikawa inajisafisha. Mchana wa jua kali sebule ilinuka samli mbichi na tumbaku, na Mayige havuti. Mbwa wake akahamia kwa jirani. Kigoda cha Violeth, kilichokuwa kikikaa ukutani, kila alasiri alikikuta kimesogea karibu na chake. Angekuwa mwingine angekimbia. Yeye alianza kukisimulia habari za pamba na mvua, na kusema kweli alifurahi, maana kuna kitu kilikuwa kinamsikiliza.

Kisha Jenifer akapiga simu. Anakuja na mjukuu, watakaa mpaka mavuno. Mayige alicheka peke yake kwa furaha, akachukua ufagio, akaingia ndani, na pale misumarini hapakuwa na kitu, kwa kuwa bunduki ilikuwa imelala juu ya kigoda cha Violeth, mdomo wake ukiuelekea mlango ambao mtoto angeingia mbio akimwita babu, na alipoishika aliikuta ina joto la mwili wa mtu, na alipoifungua aliona risasi ndani, ilhali kufuli la sanduku lilikuwa limefungwa na ufunguo ukining'inia shingoni mwake.

"Ni mwanangu anakuja," alinong'ona.

"Wa nini?" sauti ya chini ikamjibu kutoka kigodani. "Si tupo?"

Alitoa risasi, akaifunga bunduki kwenye shuka, akaenda nayo moja kwa moja kwa Ng'washi.

"Ng'wadila, mayu," alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

Ng'washi akamsogelea. Alimshika mikono, akainusa.

"Ulisema nini wakati unaipaka?"

Akamwambia.

"Basi umemkaribisha," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Ngeleja alirudi naye kutoka porini, nami nikamnyima samli maisha yangu yote. Huyo hafukuzwi. Anaambiwa nyumba ina watu, na iwe kweli."

Wakarudi pamoja. Ng'washi akaiosha bunduki kwa maji ya unga wa mtama mbele ya mlango, akamwambia Mayige aseme.

"Nenda," Mayige alisema. "Nina watu wangu. Mwanangu anakuja."

Kitu kikapita kati yao, kizito, chenye harufu ya tumbaku, kikapotelea kwenye mipamba. Bunduki wakaisalimisha polisi. Jioni mbwa alirudi, akajilaza sebuleni.

Jumapili, wakati Mayige ameshanunua mchele na kutandika kitanda cha wageni, Jenifer alipiga tena. Kazini wamemnyima ruhusa. Labda mwakani, baba.

"Sawa, mwanangu," alisema. Akamuulizia mjukuu, meno yake, kikohozi chake, akauliza na yale aliyokwisha kujibiwa, mpaka simu ikakatika.

Alikaa. Nyumba ilikuwa kimya ule ukimya wa baada ya msiba, watu wanapokwisha kuondoka na mikeka yao. Upweke ulimuuma kifuani kabisa, akashindwa hata kulia. Akachukua kopo, akakwangua kwa kidole samli iliyobaki pembeni, akaipaka kwenye misumari mitupu.

"Pokea, mkubwa," alinong'ona.

Mbwa akainuka, akatoka nje, akashika njia ya kwa jirani.