Gauni la Sanamu

Mchana ule nilikuwa barazani nakata suruali za shule, msimamizi wa makumbusho akaingia na gauni la njano mkononi.

"Shikamoo mama. Limekuwa fupi tena."

"Marahaba. Nani kalifua kwa maji moto?"

"Halijafuliwa, mama."

Makumbusho yenyewe ni nyumba ya aliyekuwa jirani yangu, mwandishi wa vitabu vya watoto. Mji wetu mdogo unatamba kwa jina lake. Mimi sitambi. Alikuwa akiwakusanya watoto wa mtaa na kuwaambia kwamba ndani ya tangi lake la maji kuna mji wa watoto wasiokemewa. Binti yangu wa miaka saba akaamini. Tulimtoa amekufa maji. Yule bwana akaandika kitabu: mtoto anazama, anaufikia mji, anacheka milele. Akapewa tuzo. Mungu anisamehe, mazikoni kwake sikwenda.

Walipochonga sanamu ya mtoto wa kitabuni, gauni nililishona mimi, kwa vipimo vya mwanangu. Sikutaka mkono mwingine umvike. Mara mbili wameniletea nishushe pindo. Safari hii halikubaki pindo la kushusha.

Nililiacha juu ya cherehani, nikachukua futi yangu, nikamfuata msimamizi hadi makumbusho.

Sanamu ni gogo la mninga. Nikapima. Nikapima tena. Mabega yamepanuka. Kiuno kimeingia. Ni vipimo vya msichana aliyevunja ungo. Mwanangu angekuwa na umri huo sasa.

"Itoeni humu," nikamwambia. "Nikaizike kando ya kaburi lake. Mwacheni mtoto apumzike."

"Mama, bila hiyo wageni watakuja kutazama nini? Wewe shona jipya tu. Refu kidogo."

"Refu kidogo! Mmemla akiwa hai, sasa mnamfuga?"

Akaitazama sanamu, kisha akaninong'oneza.

"Taratibu, mama. Hapendi kukemewa."

Nikatoka bila kuaga. Njia nzima nasali, na hasira haishuki. Nikaapa hawatamvalisha tena. Sitashona jipya, na la zamani nitalifumua liwe matambara.

Nikakaa kwenye cherehani, nikaanza kukata nyuzi. Pindo. Ubavu. Nikafika kwapani.

Nikaweka mkasi chini.

Kitambaa kilikuwa na duara jeupe la chumvi. Nikalinusa. Jasho la msichana mkubwa.

Nikaligusa kwa kidole. Katikati lilikuwa bado bichi.