Anwani ya 52

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tisa na dakika ishirini alasiri, swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha kompyuta, katika ofisi ya mawakala wa forodha pale mpakani Rusumo haikuitika. Taa zake ziliwaka, kompyuta zote zilipata mtandao, lakini Adventina, fundi wa ofisi, alipoitumia ping, ule ujumbe mfupi wa kukiuliza kifaa kama kipo, hakikurudi kitu. Akabadilisha waya. Kimya. Akaiacha kompyuta iite yenyewe, kila sekunde.

"Binti, usikiite kisichoitika," alinong'ona Domisiana, mfagizi, mlangoni. "Kwetu Bukiriro tunanyamaza. Anaweza kuitika mwingine."

"Mwingine nani, mama? Mkweo?"

Mawakala wakacheka. Bosi wao, Felisiani, hakucheka. Aliuliza nani ameharibu. Kipindi cha majaribio ya kazi cha Adventina kilikuwa kinaisha Ijumaa. Akajisikia akisema, "Mama Domisiana alimwaga maji."

Domisiana akaliegemeza fagio ukutani. Aliambiwa asirudi tena kazini, akaondoka.

Saa kumi na moja, wenzake wakiwa wameondoka, Adventina akaliona kosa. Mchana, alipobadilisha anwani ya swichi, namba inayoitambulisha kwenye mtandao, aliandika 25. Muda wote alikuwa akiita 52, anwani isiyo ya kifaa chochote. Uso ukamwaka kwa aibu. Akanyoosha mkono asimamishe wito.

52 ikajibu.

Alichomoa waya wa umeme wa swichi, taa zikazimika, lakini majibu yakaendelea kushuka kwenye kioo cha kompyuta, moja kila sekunde, na chumba kikaanza kunuka tope la mtoni, na nyuma ya kabati kitu kikawa kinavuta pumzi kwa kila jibu, kikisogea, mpaka akaisikia shingoni sauti ya chini, tulivu, sauti yake mwenyewe: "Mama Domisiana alimwaga maji."

Kesho yake saa moja asubuhi alimpigia Felisiani, akamweleza kosa na uongo wake. Kisha akapanda bodaboda hadi Bukiriro.

Alipiga hodi mara tatu. Hakuna aliyeitika. Domisiana akatokea nyuma ya nyumba na jembe, akamtazama miguu kwanza, kwa muda mrefu, kama anayehakikisha ni mtu, ndipo akamtazama usoni.

"Shikamoo, mama."

Domisiana akarudi nyuma hatua moja, jembe mkononi. Adventina akapiga magoti uani, akaanza kusema alichokifanya, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani.