Rula ya Muganga Liévin

Simu ililia mara mbili, ikanyamaza, ikalia tena.

Liévin Ngosa aliinyanyua. Kwa watu wa stesheni ya Élisabethville alikuwa muuguzi tu, mpimaji wa madereva na wachoma makaa wa treni. Kazi yake ya pili, ya upelelezi wakati huu wa vita, waliijua watu wawili mji mzima.

"Bomu iko mu treni ya Mokambo," alisema Komanda Clovis. "Inalipuka saa nne kamili. Tumekamata barua ya Wajerumani: njo Godefroid, muchoma makaa, aliiweka. Behewa gani, hatujui."

"Godefroid iko nje, anangojea rula."

"Ukimukamata hatasema."

"Minajua."

Saa yake ya Omega ilionyesha saa tatu na dakika hamsini. Treni ilikuwa bado stesheni: mabehewa manane, abiria mia nne na mizigo yao. Kuwashusha kwa dakika kumi? Thubutu! Na humo alikuwamo Delphine, mkewe, akienda msibani. Aliogopa, tusifichane.

"Ingia, ndugu!"

Godefroid aliingia akitabasamu. Treni yake mwenyewe ilikuwa ya saa tano. Kila asubuhi ilikuwa hivyo: rula inaachiwa, unaidaka kwa vidole viwili. Aliyekunywa pombe ya lutuku au kukesha huchelewa, naye hurudishwa nyumbani.

Aliidaka kwenye sentimita kumi na nne.

"Eh, mukono yako iko mbio! Treni ya Mokambo iko na bantu mingi leo. Behewa ya kwanza imejaa." Akaachia. Kumi na nne.

"Ya pili, bamama tupu." Kumi na tano.

Ya tatu, ya nne. Kumi na nne tena.

"Ya tano..."

Rula ilianguka sakafuni.

Mwenye siri, akili yake huikimbilia siri kwanza. Mkono hubaki nyuma.

"Pole. Tujaribu tena. Ya sita." Kumi na tano. "Ya tano, benchi ya mwisho."

Sakafuni.

Godefroid aliitazama rula. Akamtazama Liévin. Akaelewa, mkono ukakimbilia mfukoni.

Ukachelewa tena. Bastola ya Liévin, Browning, ilikwisha kumgusa shingo.

Liévin alimfunga pingu kwenye kitanda cha chuma, akatoka mbio.

Saa tatu na dakika hamsini na saba. Behewa la tano, benchi la mwisho, sanduku la sabuni. Ndani, baruti na saa ya mezani. Akashika makasi ya bendeji, akakata waya.

Saa iliendelea kulia tiki-tiki bure.

Aliteremka na sanduku kwapani. Filimbi ikalia.

"Baba Agnès!" Delphine alichungulia dirishani, behewa lilelile. "Unafanya nini huku?"

"Napima treni."

"Haya, kamata!" Akamrushia chungwa.

Likapita katikati ya mikono yake, likadunda chini.

"Yoo, muganga wa rula!" Delphine alicheka hadi akashika ukingo wa dirisha. "Leo weye njo wa kurudishwa nyumba!"

Treni ikaondoka naye, mzima, akicheka. Liévin aliokota chungwa, akalifuta kwenye koti jeupe, akatembea polepole akilimenya.